Afya ya Mfanyakazi si Mahubiri

Afya ni mtaji wa mtu asiye na mtaji mwingine. Mwenye shamba akiugua, shamba lake hubaki; mwenye duka akilala kitandani, bidhaa zake hukaa zikimngoja; lakini mtu auzaye nguvu zake kwa siku au kwa mwezi akiugua, duka na bidhaa vyote viwili vimefungwa. Kwa sababu hiyo, mtu yeyote asemaye kwamba anataka kulinda afya ya wafanyakazi anastahili kusikilizwa kwa makini. Na kwa sababu hiyo hiyo anastahili kuulizwa maswali magumu kabla ya kupewa shukrani.

Siku hizi wasemaji wa namna hiyo ni wengi. Katika miji yetu mikubwa imekuwa desturi ya mabenki, mashirika, wizara na viwanda kuwa na mipango ya siha kwa watumishi wao. Mpango wenyewe haukawii kutambulikana. Kuna bonanza la michezo siku ya Jumamosi, na fulana zenye alama ya kampuni. Kuna mhadhiri aalikwaye kuwaeleza makarani ubaya wa sukari, chumvi na mafuta. Kuna mizani ya uzito na utepe wa kupimia kiuno. Kuna mashindano ya kuhesabu hatua kwa saa ya mkononi au kwa simu. Kuna somo la kupumua na kutuliza moyo kwa wale waliochoka. Mwisho kuna picha, na taarifa ya mwaka isemayo kwamba kampuni huwajali watu wake.

Nia ya insha hii ni kugombana na desturi hiyo. Haigombani na mazoezi, wala na mboga za majani, wala na kipimo cha shinikizo la damu. Makamu wa Rais wa Tanzania wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alipoagiza mwezi wa Desemba 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, alisema neno jema na taifa zima. Lakini neno lile lile hubadilika likitoka katika kinywa cha mwajiri, maana mwajiri anayo mamlaka juu ya riziki ya msikilizaji, na tena anayo mamlaka juu ya jambo jingine ambalo katika mahubiri yake halitaji: kazi yenyewe. Ugomvi wangu ni na fikira iliyojificha nyuma ya fulana, kwamba maradhi ya mfanyakazi huanza katika mwenendo wake, na kwamba dawa yake ni kumhubiria. Fikira hiyo mara nyingi si kweli, siku zote ni rahisi, na faida yake humwendea yule asiyeumwa.

Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha katika mji wa Modena kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi. Mwenyewe alieleza jinsi alivyoanza kulifikiri jambo hilo. Alimwona mtu akizoa uchafu katika shimo la choo nyumbani mwake, naye akifanya haraka kupita kiasi. Alipomwuliza sababu, mtu yule alimjibu kwamba akawiaye shimoni hutoka na macho yawakayo kama moto, na mwisho wake ni upofu. Tangu hapo Ramazzini aliwasihi matabibu wenzake waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kwa Hippocrates: kazi yako ni ipi?

Swali hilo ni fupi, lakini limebeba elimu nzima. Kabla ya kujua mgonjwa amekula nini na amelala saa ngapi, lataka kujua alisimama wapi mchana kutwa, alivuta hewa gani, aliinua mizigo mingapi, na nani aliyemwamuru. Mpango wa siha hulipindua. Humwuliza mfanyakazi kila kitu isipokuwa hicho. Humwuliza uzito wake, sigara zake, pombe yake, usingizi wake na chakula chake. Na katika karatasi nzima hamna mstari wa kuandika kwamba chumba hakina dirisha, au kwamba watu watatu wameondoka na kazi yao imegawanywa kwa wawili waliobaki.

Natwae mifano ambayo kila msomaji aweza kuiona bila ya kusafiri. Mlinzi afanyaye zamu ya saa kumi na mbili usiku huambiwa kwamba usingizi mzuri ni wa usiku. Dereva wa daladala, ambaye sharti apeleke hesabu kwa tajiri jioni kabla ya kujua yeye mwenyewe atakula nini, huambiwa apunguze hasira barabarani. Karani wa benki aliyepewa lengo la wateja ambalo halifikiki huambiwa ajifunze kupumua polepole. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia na madaftari yao huambiwa atenge muda wa kujipumzisha. Katika viwanda vya mkonge na vya kukoboa kahawa, penye vumbi zito, mfanyakazi huambiwa kwamba sigara huharibu mapafu. Kila shauri katika hayo ni la kweli. Na kila moja, likisemwa na mwenye uwezo wa kubadili zamu, hesabu, lengo, darasa na vumbi, ni dhihaka.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna methali inayoieleza mipango hii vizuri zaidi. Asiyebeba huuona mzigo mwepesi. Na madhali ni mwepesi, mbebaji akianguka kosa ni la magoti yake.

Tuache methali tutazame hesabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa hesabu ya vifo vitokanavyo na kazi ya saa nyingi. Waliona kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na kwa maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu wa saa hizo, akilinganishwa na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo huzidi kwa asilimia 17. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa juma. Basi, saa ya mkononi ihesabuyo hatua za karani ingeweza pia kuhesabu saa zake za kazi. Lakini hesabu hiyo haikuombwa.

Huenda msomaji akasema kwamba saa nyingi na vumbi ni mambo ya kazi za jasho, na kwamba ofisini, penye kiti na feni, mtu hujiharibu mwenyewe. Jibu la shaka hiyo lilipatikana London. Kuanzia mwaka 1967 wataalamu waliwapima wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza, wakawafuata kwa miaka kadha. Mwaka 1978 Michael Marmot na wenzake walitangaza waliyoyaona: vifo vya maradhi ya moyo katika daraja la chini kabisa, yaani matarishi na wenzao, vilikuwa mara 3.6 ya vifo vya daraja la juu. Wote walikuwa watumishi wa serikali moja. Hapakuwa na vumbi la mgodi wala sumu ya kiwanda. Ni kweli kwamba watu wa daraja la chini walivuta sigara zaidi. Lakini sigara, shinikizo la damu, mafuta ya damu na mengine ya mwili yalipokwisha kuhesabiwa, sehemu kubwa ya tofauti ilibaki pale pale.

Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1985 kwa watumishi 10,308, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1997 matokeo yake yalionyesha kwamba watumishi wasio na kauli juu ya kazi yao, mwendo wake na utaratibu wake, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko wenye kauli. Hapa tumefika kwenye kiini. Kunyimwa kauli ni jambo limwingialo mtu mwilini kama vile moshi umwingiavyo. Na mpango wa siha uliotungwa na wakubwa, ukaletwa kwa waraka, ukamwamuru mtumishi ale nini na atembee hatua ngapi, humwondolea kauli hata katika kile kidogo alichobaki nacho, yaani mwili wake baada ya saa za kazi.

Watetezi wa mipango hii hawakosi ushahidi wao. Husema: tazameni wanaojiunga, ni wenye afya, hawakosi kazini, wala gharama zao za matibabu si kubwa. Ni kweli, lakini ushahidi huo ni sawa na ushahidi wa mtu ahesabuye waendao kuogelea, akaona kwamba wengi wao wajua kuogelea, akahukumu kwamba bahari ndiyo iliyowafundisha. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wachunguzi walilitatua fumbo hilo kwa njia ya kura. Mwaka 2016 watumishi karibu 5,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapewa mpango wa siha na malipo ya kuwavutia, wengine wasipewe. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliopewa hawakuwa na gharama ndogo za matibabu kuliko wenzao, wala hawakupungua kukosa kazini. Lakini katika wale waliopewa nafasi, walioikubali walikuwa tayari ni wenye gharama ndogo kabla ya mpango kuanza. Mpango haukuzaa wenye afya, uliwakusanya.

Mwaka huo huo yalitoka matokeo ya jaribio jingine la Marekani, katika maduka ya BJ's Wholesale Club, lililohusu vituo 160 na wafanyakazi karibu 33,000. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa vituo vyenye mpango walisema kwa wingi zaidi kwamba wanafanya mazoezi na wanaangalia uzito wao. Vipimo vya mwili, gharama za matibabu, siku za kukosa kazini na utendaji wa kazi havikuonyesha tofauti ya maana. Uingereza, mwaka 2024, William Fleming alitoa uchunguzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233. Waliohudhuria mafunzo ya ustahimilivu, ya kutuliza moyo, na programu za simu za namna hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasiohudhuria. Waliojitolea katika kazi za hisani peke yao ndio walioonekana kuwa na nafuu. Neno lenyewe la ustahimilivu latosha kutuamsha. Mtu afunzwaye kustahimili amekwisha kuambiwa kwamba kile akistahimilicho hakitaondolewa.

Ikiwa faida yake ni ndogo kiasi hicho, kwa nini mipango hii hupendwa? Sababu ya kwanza ni bei. Fulana ni rahisi kuliko mashine ya kuvuta vumbi. Mhadhiri wa saa moja ni rahisi kuliko mtumishi wa pili. Sababu ya pili ni lawama. Siku mfanyakazi atakapoanguka, patakuwa na karatasi ionyeshayo kwamba alionywa. Sababu ya tatu ni jicho. Mwajiri aliyekwisha kununua saa nane za mtu hutamani kujua pia anavyozitumia kumi na sita zilizobaki.

Tamaa hiyo si ngeni. Mwezi wa Januari 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa nane katika kiwanda chake cha magari karibu na Detroit. Dunia ilishangilia. Lakini sehemu kubwa ya ujira huo ilikuwa na masharti: mfanyakazi sharti aishi maisha safi kama alivyoyaona Ford. Iliundwa idara ya wakaguzi waliokwenda majumbani mwa wafanyakazi kuuliza habari za usafi, akiba, pombe na ndoa. Aliyeonekana hafai alikosa sehemu ile mpaka ajirekebishe. Kazi yenyewe, yaani mstari wa magari uliomfanya mtu arudie tendo moja mchana kutwa, haikukaguliwa na idara hiyo.

Zaidi ya miaka mia baadaye mkaguzi amekuwa mdogo kiasi cha kufungwa mkononi. Sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 iliruhusu tuzo na adhabu za mipango ya siha kufikia asilimia 30 ya gharama ya bima. Katika jimbo la West Virginia walimu na watumishi wengine wa serikali waliambiwa wajiunge na mpango ambao ungehesabu hatua zao na kuwapa alama. Asiyetimiza alama angelipa dola 25 zaidi kila mwezi. Mpango huo ulipingwa hata ukaacha kuwa wa lazima, lakini hasira yake ilibaki, ikaungana na hasira ya mishahara midogo na bima ghali.  Ilikuwa Februari 2018 walipogoma, na shule za wilaya zote 55 za jimbo zikafungwa. Walimu wale hawakuchukia kutembea. Walichukia kutozwa faini kwa miili yao na mtu ambaye hakuwalipa sawasawa kwa kazi yao.

Sisi hatuna haja ya kwenda Marekani kujifunza kwamba afya ya mfanyakazi hupatikana kwa kubadili masharti ya kazi. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunalo neno manamba, yaani watu wa mashamba ya mkonge walioitwa kwa namba badala ya majina. Tunalo neno kuli, na Shafi Adam Shafi alilifanya jina la riwaya yake iliyotoka mwaka 1979, yenye kisa cha wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla ya mgomo huo, Januari 1947, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waliacha kazi, na Septemba makuli wa bandari ya Dar es Salaam wakafanya vivyo hivyo. Walidai ujira wa kutosha kulisha watu wao, wakalalamikia maisha ghali na nyumba mbaya. Chakula, makazi, mapumziko: hiyo ndiyo orodha ya siha, nayo iliandikwa na wabebaji wenyewe. Hakuna katika wao aliyedai afundishwe kupumua.

Pana hoja mbili ambazo mpinzani mwadilifu ataleta, na si haki kuzipita.

Ya kwanza ni kwamba mtu ana wajibu juu ya mwili wake. Hoja hii naikubali yote. Mlevi hujidhuru, mvuta sigara hujidhuru, mvivu wa kutembea hujidhuru. Lakini wajibu hupimwa kwa uwezo. Mwanamke aamkaye saa kumi alfajiri kupika, akasimama katika basi saa mbili, akashona nguo za nchi za nje kutwa nzima kwa hesabu ya vipande, akarudi usiku kufua, amekwisha kufanya mazoezi. Alichokosa ni muda, na muda wake umo katika daftari la mwajiri. Amwambiaye atimize wajibu wake na asimrudishie muda huo amedai deni huku amekalia mkoba wa mdaiwa.

Hoja ya pili ni kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa. Husemwa kwamba mipango ya afya kazini imeokoa maisha Afrika, na mfano wake ni wa kweli. Mwezi wa Agosti 2002 kampuni ya madini ya Anglo American ilitangaza kwamba itawapa wafanyakazi wake wa Afrika ya Kusini dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, wakati ambapo hospitali za serikali hazikuzitoa kwa wagonjwa wote. Tendo hilo lilikuwa kubwa. Lakini tuangalie lilikuwa tendo gani: lilikuwa dawa, iliyolipiwa na mwajiri, ikawekwa mkononi mwa mgonjwa. Hayakuwa mahubiri. Kisha tuangalie upande wa pili wa migodi ile ile. Mwaka 2018 kampuni sita za dhahabu, Anglo American mojawapo, zilikubali fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji waliopata silikosisi au kifua kikuu kwa vumbi la jiwe, na kwa jamaa za waliokufa. Mapatano hayo yalihusu kazi ya tangu mwaka 1965. Silikosisi haina dawa. Kinga yake ni maji, hewa na mashine za kuzuia vumbi, na kinga hiyo ilijulikana zamani. Hakuna chakula bora wala mwendo wa hatua elfu kumi uwezao kutoa jiwe katika pafu. Mwajiri mmoja aweza kufanya jema la kusifiwa juu ya ugonjwa ambao hakuuleta, na kukawia miaka mingi juu ya ule unaotoka katika mgodi wake.

Kwa hiyo sisemi mipango yote ifutwe. Nasema iwekwe chini ya masharti manne.

Kwanza, kazi ikaguliwe kabla ya mfanyakazi. Mwajiri asiruhusiwe kuwapima watu viuno kabla hajapima vumbi, joto, kelele, uzito wa mizigo na saa za kazi, na kubandika matokeo yake ukutani wote wayasome. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Sheria si haba. Kilicho haba ni aibu ya kuzipuuza.

Pili, siri ya mwili ibaki kwa mwenye mwili na tabibu wake. Matokeo ya damu, ya mimba, ya uzito na ya moyo yasifike mezani kwa yule aandikaye barua za kupandisha na kufukuza.

Tatu, pasiwe na tuzo wala faini. Aliyezaliwa na mwili mzito, aliyelemaa mguu, mwenye kisukari, na mama anyonyeshaye hawawezi kushindana na kijana wa miaka ishirini na mitano; na shindano lisiloshindika kwa mnyonge ni kodi juu ya unyonge.

Nne, wafanyakazi wenyewe wawe na kauli. Sheria ya Kenya niliyoitaja huagiza kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi, mahali penye watu 20 au zaidi. Kamati kama hiyo, ikiwa hai, ina thamani kuliko bonanza mia, kwa maana hapo tarishi hupata kusema mbele ya mkubwa wake na neno lake likaandikwa. Mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliongeza mwezi wa Juni 2022 mazingira salama na yenye afya ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi. Haki hudaiwa, fulana hupewa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanachuo na wanachuoni wasomao kurasa hizi. Kesho baadhi yenu mtakuwa maofisa watumishi, matabibu wa makampuni, na washauri watakaoombwa kutunga mipango hii au kuipima. Mtapewa dodoso lililokwisha kuandikwa, na ndani yake swali la Ramazzini halimo. Liandikeni. Mtaambiwa kwamba jambo hilo liko nje ya mpango. Jibuni kwamba mpango ndio ulio nje ya jambo. Wala msingoje ajira ndipo muanze. Katika vyuo vyetu vingi wako wafagiaji na walinzi walioajiriwa kwa wakala, ambao jina lao halimo katika orodha ya watumishi na ambao siku ya bonanza ndio wapangao viti na kuokota chupa. Waulizeni kazi yao ni ipi, saa zake ni ngapi, na wanapoumia nani huwatibu. Majibu yao yatawafundisha juu ya siha kazini jambo ambalo halimo katika taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote.